Njia ya Kando ya Ziwa: Historia Tuliyoikuta Tukipanga Safari ya Bei Nafuu

Mitihani ya muhula ilipokwisha, wanafunzi wanne wa darasa letu tuliamua kusafiri kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, kwa siku mbili. Kila mmoja alitoa faranga 40,000, kwa hiyo mfuko wetu ulikuwa na faranga 160,000. Mimi nilichaguliwa kuwa mweka hazina kwa sababu moja tu: nilikuwa na daftari jipya. Mwalimu wetu wa historia aliposikia habari hiyo alitupa kazi. Alisema kila mmoja achague kituo kimoja cha njiani aandike historia yake. Nilimwomba ruhusa niandike kuhusu njia nzima, naye akakubali kwa sharti kwamba nisiandike kama kitabu cha watalii.

Insha hii inaeleza jinsi tulivyoipanga safari hiyo na mambo ya kale tuliyokutana nayo. Hoja yangu ni kwamba katika njia hii, kumbukumbu inayojulikana zaidi ni ya wageni wawili waliolala siku mbili na kuondoka. Historia ya watu wanaoishi hapo iko sokoni, katika lugha na katika mashamba ya michikichi. Msafiri mwenye fedha nyingi anaweza kuipita bila kuiona. Sisi tulishushwa mbele yake na nauli.

Nianze na mpango wenyewe. Barabara ya Taifa namba 3 inatoka Bujumbura na kuelekea kusini ikifuata ziwa. Inapita Kabezi, Magara na Rumonge, kisha Nyanza-Lac. Rumonge ni mwendo wa kilomita 75 hivi kutoka Bujumbura, na Nyanza-Lac ni kama kilomita 50 zaidi. Kwa ramani ni safari fupi. Kwa mfuko wa mwanafunzi si fupi. Kukodi gari hatukufikiria hata dakika moja, kwa kuwa nchi yetu imekuwa na uhaba wa petroli kwa miaka kadhaa, na mwenye gari akikuhurumia, foleni ya kituo cha mafuta haikuhurumii. Tukabaki na basi dogo la abiria.

Basi dogo lina sheria zake. Halisimami ili upige picha. Ukishuka, umeshuka, ukitaka kuendelea unalipa upya kwa basi jingine. Kwa hiyo kila kituo tulichotaka kukiona kilikuwa na bei, na bei hiyo ilizidishwa kwa watu wanne. Tulikaa jioni nzima tukihesabu. Orodha ya kwanza ilikuwa na vituo tisa. Tulikata chemchemi za maji moto za Mugara kwa sababu zingehitaji pikipiki. Tulikata fukwe zenye hoteli, kwa kuwa soda moja ya huko ni chakula cha mtu mmoja sokoni. Tulibaki na Mugere, Rumonge, msitu wa Kigwena na Nyanza-Lac. Malazi yalipatikana bure Rumonge, kwa mjomba wa mwenzetu, ambaye alisema tulete sukari tu.

Kulikuwa na kituo kingine katika orodha, ambacho nilikikata mimi mwenyewe. Nitakirudia baadaye.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba barabara hii ni kijana mdogo. Njia ya zamani ilikuwa maji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliendelea kaskazini hadi Uvira kwa mitumbwi. Livingstone na Stanley walifanya vivyo hivyo Novemba 1871. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia ziwani, kwa sababu kama ungetoka, ungeweza kuwa sehemu ya chanzo cha Nile. Walifika mdomoni mwake wakaona kwa macho yao kwamba unaingia.  Wakielekea kaskazini, Livingstone na Stanley walifuata pwani ya Burundi, na watu walikula na kulala nchi kavu.

Tuliposoma habari hizi tulicheka, maana wageni hao nao walikuwa na matatizo ya bajeti. Wakati ule msafiri alilipa hongo kila alipopita katika nchi ya mtawala. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuangalie neno hilo vizuri. Leo hongo ni rushwa, jambo la aibu linalofanywa gizani. Karne ya 19 hongo ilikuwa ada ya njia, ililipwa mchana kwa vitambaa na shanga, na watu waliibishania kama sisi tunavyobishania nauli. Stanley, kabla ya kufika Ujiji, alilipa hongo nyingi sana katika nchi ya Uha mpaka akaamua kuondoka na msafara wake usiku ili asilipe zaidi. Na alipokuwa ziwani na Livingstone, watu wa pwani waliwapigia kelele waje wapige nanga walipe, na mahali pengine mawe yakarushwa. Yeye aliandika habari hizo kama ushenzi wa wenyeji. Ukizisoma ukiwa umetoka kubishana na kondakta, unaziona kwa jicho jingine: huyu ni abiria aliyetaka kupita bila kulipa.

Tulishuka Mugere asubuhi, kilomita kama 12 kutoka Bujumbura. Hapo juu ya kilima kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Ziwa linaonekana chini, na milima ya Kongo ng'ambo. Walilala hapo siku mbili. Wapo wanaowaambia wageni kwamba hapa ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Hilo si kweli. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania, kabla ya safari hii ya kaskazini. Lakini kosa hilo si la ajabu. Jiwe lina majina mawili na tarehe moja, na mtu anayelitazama anatafuta kisa kinacholistahili.

Nilisimama pale nikahesabu. Katika mtumbwi ule walikuwamo wapiga makasia zaidi ya kumi, waongozaji wa njia kutoka Ujiji, mpishi aitwaye Ferajji, na kijana Selim aliyekuwa mkalimani. Wao ndio waliojua maji, upepo, mahali pa kulala na lugha ya kuongea na watu wa pwani. Bila wao wazungu wale wawili wasingefika popote. Jiwe halina nafasi yao. Mwenzangu mmoja alisema, "Basi sisi hapa ni Ferajji na Selim," tukapiga picha moja, tukateremka barabarani kungoja basi. Tulingoja saa moja na nusu.

Nitoe ushauri kwa atakayefuata njia hii. Ukielekea kusini, kaa upande wa kulia wa basi. Ziwa liko upande huo wakati wote, na mahali pengine barabara inalikaribia mpaka unahisi unaweza kugusa maji. Utaona mitumbwi miwili miwili iliyofungwa pamoja, na taa zake za kuvulia usiku. Utaona pia nyumba zilizoachwa karibu na maji. Ziwa lilipanda sana mwaka 2021 na tena mwaka 2024, na watu wengi wa pwani walipoteza makazi. Upande wa kushoto ni milima, na mvua ikinyesha sana udongo wake huteremka barabarani. Wale wanaoona njia hii ni nzuri tu kwa kutazama, wawaulize wanaoishi kati ya mlima na maji.

Rumonge tulifika saa saba mchana, na njaa ilitupeleka sokoni moja kwa moja. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, wale samaki wadogo ambao Kigoma huitwa dagaa. Mukeke tulimtazama tu, kwa kuwa bei yake haikuwa ya daftari letu. Kila upande palikuwa na mawese, mekundu, katika chupa, madumu na mapipa. Jambo lililonishangaza ni lugha. Bujumbura ukisema Kiswahili nje ya Buyenzi na mitaa mingine michache, kuna watu watakaokutazama mara mbili. Katika Kirundi, kumwita mtu Mswahili mara nyingi ni kumwita mjanja wa mjini. Rumonge mama muuza ndagala alitupokea kwa Kiswahili kabla hatujafungua kinywa, na mjini kuna mtaa ambao watu huuita mtaa wa Waswahili, wenye msikiti na wanawake waliovaa kanga kama walio Kigoma.

Lugha hiyo haikuja kwa barabara. Ilikuja kwa maji, kutoka Ujiji, pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotafuta pembe za ndovu, chumvi, mawese na watumwa. Rumonge ilikuwa kituo kimojawapo chao. Mkubwa wao katika miaka ya 1880 alikuwa Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza. Alijaribu kuingia ndani ya Burundi, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia, na nguvu yake ikabaki pwani. Mapadri Weupe nao walikuja kwa njia hiyohiyo ya maji. Walianzisha misheni Rumonge mwaka 1879, lakini tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa. Inasimuliwa kwamba ugomvi ulianzia kwa mtoto waliyemkomboa kutoka utumwani. Baadaye Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura katika miaka ya 1890, wakatumia askari na makarani waliosema Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili chetu cha Burundi kina baba wengi, na si wote walikuja kwa heri. Mwanafunzi anayekipenda Kiswahili hana budi kuyajua hayo yote. Mimi ninakipenda, na sababu yake ndiyo inayonirudisha kwenye kile kituo nilichokikata.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, Tanzania. Tulirudi Burundi mwaka 2008, nikiwa na miaka sita. Kiswahili ndiyo lugha niliyojifunzia kuongea, na Kirundi nilikisikia kwa bibi. Bibi ni mtu wa pwani hii. Kilima chao kiko mbele kidogo ya msitu wa Kigwena, kati ya Rumonge na Nyanza-Lac.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika eneo hili, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi wengi, wakiwemo viongozi wa serikali na familia zao. Kisha serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, na waliotafutwa zaidi walikuwa wasomi: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na hupanda kupita 200,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire, Rwanda na Tanzania. Tanzania iliwaweka wengi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma, mashamba mengi ya pwani waliyoyaacha yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Wakimbizi walipoanza kurudi, na hasa baada ya mwaka 2000, shamba moja likawa na wenye wawili. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine. Mwanzoni tume hiyo ilipendelea pande mbili zigawane. Miaka ya baadaye ikaelekea kumrudishia aliyekimbia. Kila njia iliacha mtu analia.

Bibi alikuwa na miaka 19 mwaka ule. Alivuka hadi Kigoma kwa mtumbwi na mtoto mgongoni, wakipiga makasia usiku na kujificha mchana. Babu alibaki nyuma siku moja kumaliza mambo ya nyumbani, na hakuonekana tena. Tuliporudi, shamba lilikuwa na watu. Bibi hakupeleka malalamiko popote. Alisema, "Aliyepo naye amezaa watoto hapo. Nikimtoa, ataenda wapi?" Baba hakupenda jibu hilo, na mpaka leo wakiligusa jambo hilo mezani, chakula kinapoa.

Nilipomwambia bibi kwamba tutapita njia ile, alinyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ukipita, tazama tu kama mwembe upo. Uko juu ya barabara, karibu na mfereji wa maji. Usiulize kitu cha mtu." Mimi nikaandika kilima chetu katika orodha. Siku tatu baadaye nikakifuta, na pembeni nikaandika: fedha haitoshi.

Haikuwa kweli. Fedha ilitosha. Niliogopa. Niliogopa kumkuta mtu nikamchukia, na niliogopa zaidi kumkuta mtu nikampenda, kisha nirudi nyumbani nikamtazame baba. Usiku ule Rumonge, kwa mjomba, mwenzangu aliomba daftari ahakiki hesabu. Akahesabu kwa kidole, akasema, "Mheshimiwa mweka hazina, hapa kuna faranga 14,000 ambazo hazina kazi." Nikawaeleza. Hakuna aliyesema neno kubwa. Mmoja alisema tu, "Kesho tunashuka wote wanne."

Tulishuka. Asubuhi msitu wa Kigwena ulikuwa na unyevu na ndege wengi, kisha tukatembea kwa miguu ili kuokoa nauli. Mfereji niliuona. Mwembe sikuuona. Palikuwa na michikichi iliyopandwa kwa mistari, na chini yake mama mmoja na vijana wawili wakikamua mawese. Vichikichi vilikuwa vimechemshwa katika pipa, na vijana walikuwa wakizungusha mkono wa mashine ya chuma, mafuta yakitiririka kwenye ndoo. Tulisalimia. Mama alitupa maji ya kunywa, akatuuliza tumetoka wapi. Nikasema Bujumbura. Kisha, sijui kwa nini, nikaongeza kwamba bibi yangu aliolewa katika kilima hiki, zamani.

Mama yule aliweka kikombe chini. Vijana waliacha kuzungusha. Akaniuliza taratibu, "Mmekuja na karatasi?"

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa kwamba kwa miaka mingi hapa, kijana anayeshuka kwenye basi na kumtaja bibi yake huwa amekuja na karatasi. Nikamwonyesha daftari. "Hapana mama. Sisi ni wanafunzi. Nimetumwa kuangalia mwembe tu." Akanitazama muda mrefu. "Mwembe ulikatwa kabla sijaolewa hapa," akasema. "Nilikuta kisiki." Akaonyesha mahali kilipokuwa. Pameota mchikichi.

Tulinunua chupa moja ya mawese. Hakutupunguzia bei, nami nilifurahi kwamba hakutupunguzia. Nyanza-Lac tulifika mchana, tukaona ziwa na mpaka kwa mbali, tukanywa chai, na jioni tukarudi tukiwa tumekaa upande wa kushoto, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Katika mfuko zilibaki faranga 3,500.

Nyumbani nilimweleza bibi yote. Aliuliza swali moja: "Aliogopa?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Akachukua chupa, akaimimina kidogo kwenye sufuria, akakaanga ndagala. Baba alikula. Hakuuliza mawese yalitoka wapi, ingawa nadhani alijua.

Kwa kuhitimisha, safari hii imenifundisha mambo mawili. La kwanza ni la vitendo: kwa faranga 40,000 mwanafunzi anaweza kuiona pwani yetu, akikubali kungoja basi, kulala kwa jamaa na kula sokoni. La pili ni la historia. Katika njia yote, jiwe tuliloliona ni lile la wageni wawili na siku zao mbili. Waliopiga makasia yao, waliouzwa utumwani kupitia Rumonge, waliouawa mwaka 1972 kutoka kila upande, waliovuka usiku, na yule mama anayeogopa kila kijana anayeshuka kwenye basi, hatukuona jiwe lao. Siombi mawe. Mawe ni ghali, na yakichongwa vibaya huzua ugomvi mwingine. Ninaomba tuandike sisi, wenye daftari na lugha ambayo watu wa pande zote za ziwa wanaisikia, wakati bibi zetu bado wapo wa kuulizwa. Bibi yangu ameshaanza kunisimulia kuhusu mtumbwi ule. Nimefika ukurasa wa 11.